Skripti ipokee haraka, iamshe watu polepole

Usiku mmoja wa Desemba mvua ilianza Lubumbashi saa moja jioni, na kufika saa saba usiku simu yangu ilikuwa imepokea jumbe 214 kutoka kwa skripti yangu inayochunga mtandao wa ofisi zetu. Zote zilisema mambo yale yale: kiungo kimekatika, kiungo kimerudi, kifaa fulani hakionekani. Kilichoharibika kilikuwa kimoja tu. Onduleri (kasha la batri linaloshika umeme ukikatika) ya mnara wetu wa Katuba ilikuwa imechoka batri, inazima na kuwaka. Nyuma ya mnara ule kuna ofisi tisa, na kila swichi, kifaa kinachogawa mtandao ofisini, ilikuwa inalia kivyake.

Nilielewa nilipompigia sentineli, mlinzi wa mnara.

"Tata, umeme uko?"

"Hauko tangu jioni, mwanangu. Na ile kasha yako iko inalia pi-pi-pi, inanyamaza, inalia tena."

Skripti yangu ya wakati ule ilikuwa na mistari kumi hivi: pokea, tuma. Ukianza nawe utaandika hiyo hiyo, na kiangazi chote itakupendeza. Subiri mvua.

Kosa langu kubwa lilikuwa kutuma SMS ndani ya skripti inayopokea. Natumia snmptrapd, programu ya kupokea arifa za vifaa vya mtandao, inayosikiliza kwenye UDP (njia ya kutuma data bila kuhakikisha imefika), poti 162. Kifaa kikituma arifa (sisi tunaziita trapu), inaita skripti uliyoiandika kwenye mstari wa traphandle wa mipangilio yake na kuimiminia habari: mstari wa kwanza jina la kifaa, wa pili anwani, halafu kila OID (namba inayotaja ni habari gani) na thamani yake. Kisha inakaa kusubiri skripti imalize ndipo ishike trapu nyingine. Modemu yangu ya USB ilikuwa inachukua kama sekunde sita kwa ujumbe mmoja. Trapu hamsini zikija pamoja, ya mwisho inangoja dakika tano, na UDP haina subira: nafasi ikijaa, zinazofuata zinamwagika chini na aliyezituma hana habari.

Kwa hiyo skripti ya kupokea iandike mstari mmoja kwenye faili na iondoke. Ya pili, inayoamka kila dakika, ndiyo isome na kufikiri. Tumia flock, amri ya kufunga faili kwa zamu, zisigombanie faili. Na yaliyomo kwenye trapu usiyaamini: yeyote aliye kwenye mtandao wako anaweza kutuma moja, kwa hiyo usiyapitishe kwenye eval, amri inayoendesha maandishi kama msimbo, hata siku moja.

(Trapu zikionekana kwenye logi lakini skripti haiitwi, tazama mstari wa authCommunity kwenye mipangilio ya snmptrapd, unaosema inaruhusiwa kufanya nini na trapu: lazima uwe na neno execute, log peke yake haitoshi. Nilimaliza Jumamosi nzima hapo, bukari (ugali) ikanipolea mezani.)

Skripti ya pili inangoja dakika tatu kabla ya kusema chochote. linkDown (kiungo kimekatika), ile OID inayoishia na 5.3, ikifuatwa na linkUp (kiungo kimerudi) ya poti ile ile, yaani 5.4, zinafutana. Zikifutana zaidi ya mara tano kwa saa moja, naletewa ujumbe mmoja tu: inachezacheza.

Halafu kuna faili ya wazazi. Ni maandishi matupu: jina la kifaa, na jina la kile kinachokilisha mtandao. Mzazi akianguka, watoto wananyamazishwa. Kuichora kulinichukua mchana mzima na daftari, nikifuata kebo kwa mkono, na nikagundua swichi mbili za Ruashi ambazo hakuna aliyejua zinapitia wapi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Msimbo wake ni mistari ishirini.

Lakini mnara uliozimika ghafla hautumi trapu. Maiti haijitangazii msiba. Ndiyo maana skripti inampigia ping (inamwita kuona kama anaitika) kila mzazi kabla ya kuamua. Na kila asubuhi saa kumi na mbili inaniandikia "niko mzima". Siku nisiyoupata ujumbe huo ndiyo siku ya kukimbia.

SMS nayo ina mambo yake. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160, lakini ukiweka alama moja isiyomo kwenye alfabeti ya GSM, unashuka hadi 70. Mahali petu pana majina ya Kifaransa: kwenye "dépôt" ile é inapita bila shida, ô ndiyo inakukatia ujumbe vipande viwili, na unalipia viwili. Sasa naandika kwa Kiswahili kitupu: "KATUBA mnara umezima 01:12, vifaa 9 nyuma." Saa hiyo ni ya seva, si ya kifaa, ruta zetu kadhaa hazina batri ya saa, umeme ukirudi zinadhani ni 1970. Modemu iwe na chip (laini ya simu) yake pale pale penye seva, kwa sababu huenda kilichokatika ni hiyo hiyo njia ya kukuletea habari.

Faili ya wazazi niliiongezea safu ya tatu, namba ya sentineli wa kila mahali, na inaingia ndani ya ujumbe. Safu hiyo inataka kupitiwa kila mwezi. Juzi mnara wa Ruashi ulizima, nikapiga namba iliyoandikwa, nikauliza kwa heshima zote, "Tata, umeme uko?" Akapokea mama mmoja wa Kolwezi aliyekwisha kununua ile chip. Akanijibu kwamba kwake uko, na akataka kujua mimi ni nani wa kumuuliza usiku ule.