Jibu: Wakwe wananikataza kusema kwenye mkutano wa kijiji

Dada yangu, pole. Nimekuelewa: wakwe wanasema mke wa ukoo wao hasimami kusema mbele ya wanaume, na mumeo amenyamaza tu.

Kisheria, hapa Tanzania, hakuna wa kukuzuia. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na katika halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, wanawake wasipungue robo. Ila usianze na sheria nyumbani, utaonekana umekuja kushindana. Anza na mumeo, mkiwa wawili. Mara nyingi mwanaume hapingi hoja yenyewe, anaogopa kuambiwa ametawaliwa na mkewe. Akikubali, mwombe aongee na baba yake yeye mwenyewe.

Mkutanoni usiende peke yako. Kwetu tulianzia kwenye kikundi cha kuweka na kukopa: tulikubaliana hoja moja, maji, tukakaa pamoja mbele badala ya kule nyuma, na wawili wakajiandaa kusema. Mwombeni pia mtendaji wa kijiji asiite mkutano saa za kupika na kuteka maji. Hilo nalo huwafungia wanawake wengi.

Na siku ya uchaguzi, kura ni siri yako, hulazimiki kumwambia yeyote.

Lakini ukitishiwa kipigo au kufukuzwa, hayo si mazungumzo ya familia tena. Nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au kwa msaidizi wa kisheria wa kata yenu, na mwambie mapema ndugu unayemwamini.