Ukoko mweupe kwenye birika na sabuni kugoma kutoa povu: hiyo sio asidi dada

Dada mleta mada salama? Nimekusoma mwanzo mpaka mwisho, kisima mmechimba nyuma ya nyumba hapo Pongwe, sabuni ya mche haitoi povu, birika limeshika ukoko mweupe, na kuna mdau kakwambia maji yana asidi mwaga chokaa kisimani ikaiue. Nakuomba usimwage. Mimi fundi bomba hapa Tanga mwaka wa 14 huu, shida yako nimeikuta nyumba nyingi mno za Pongwe na Kiomoni.

Maji yenye asidi hayaachi ukoko, yanaula. Huo ukoko ndo chokaa yenyewe, jiwe lile lile linalochimbwa hapo kwenu kutengenezea saruji. Iko hivi, mvua ikishuka inabeba hewa ya ukaa inakuwa na asidi kidogo sana, pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka ukali unapanda) kama 5.6 hivi wakati maji matupu ni 7, yani hata ulimi hausikii. Lakini yakipenya chini kwenye jiwe la chokaa yanaliyeyusha mdogo mdogo, mapango ya Amboni yametobolewa hivyo hivyo, na kadiri yanavyokula jiwe na asidi yenyewe inaisha, kwahiyo yakifika kisimani kwako ukali umeshakwisha yamebaki na mzigo wa kalsiamu, yale madini ya jiwe la chokaa. Ukiyachemsha ile hewa ya ukaa inatoka, chokaa inashindwa kubaki majini inaganda kwenye birika. Yale mawe yanayoning'inia Amboni ni kazi hiyo hiyo, kule ni tone kwa tone bila moto.

Sabuni nayo inadakwa na kalsiamu kabla haijatoa povu, ndo ule utando unaouona juu ya beseni. Maji hayo yanaitwa maji magumu.

Kama huniamini bandua kipande cha ukoko ukidondoshee siki, kikifoka vipovu ni chokaa hiyo, hewa ya ukaa inatoka. Hayo mambo ya asidi na besi mnayaona kila siku jamani, kanzu ikidondokewa biriani ya Idi ukaipaka sabuni si doa la manjano linageuka jekundu? Sabuni ni besi, yani kinyume cha asidi, na manjano kile kiungo inabadilika rangi ikikutana na besi, kamulia ndimu uone inavyorudi njano.

Na hizi namba za pH watu wanazichukulia kirahisi, kushuka namba moja ni ukali mara 10. Ndimu iko kwenye 2 hivi, toka 7 ni hatua 5, kwahiyo imezidi maji matupu karibu mara laki moja! Ndo maana kwa birika ndimu inatosha kabisa, kamua mbili tatu kwenye maji, chemsha, acha mpaka asubuhi, suuza. Hita na shawa zilizoziba nazisafisha kwa siki hivyo hivyo.

Ile asidi ya kusafishia choo usiipeleke popote karibu na chombo cha kulia. Na usiichanganye na jiki hata tone. Mwaka wangu wa pili kazini nilimwaga zote mbili kwenye bafu la mteja nikidhani doa litatoka haraka, ikapanda hewa ya klorini, kifua kikabana, nikatoka mbio macho hayaoni, nimekohoa siku tatu. Dirisha lilikuwa wazi, lingekuwa limefungwa sijui.

Kufulia, kinga mvua kwenye tangi maana haijapita kwenye jiwe. Ukikosa, tia magadi yale ya maharage kidogo kwenye ndoo, subiri chokaa ituame, tumia ya juu. Ya kunywa chemsha kwa ajili ya vijidudu, kalsiamu yenyewe haina madhara, na kuchemsha kunapunguza ugumu, acha yatulie umimine taratibu. Ila kama yana ladha ya chumvi, kama visima vya karibu na bahari, hapo kuchemsha hakusaidii, chumvi inabaki kwenye sufuria na ndo inazidi.

Jaribu hiyo ya siki leo jioni dada, halafu rudi utuambie imefoka au la. Isipofoka nipigie picha ya huo ukoko uiweke hapa, tutaangalia kitu kingine.