Kabla Hujakariri Maana Zote za "Run", Nisikilize Kidogo

Kijana mmoja wa Kakamega ameniandikia. Amemaliza kidato cha nne, anataka kuwa mtafsiri wa kulipwa kama mimi, na maandalizi yake ameyaanza kwa daftari: neno moja la Kiingereza, ukurasa mmoja, maana zote. Alipofika kwenye "run" ukurasa ukajaa kabla hajamaliza hata kakamusi kake ka mfukoni. Sasa anauliza, "Mwalimu, hili neno lina maana ngapi, ili nijue nimelimaliza?"

Mimi si mwalimu, ingawa hapa Kisumu ukivaa miwani na kubeba vitabu utaitwa mwalimu hadi uzeeke. Jibu lenyewe ni 645. Hizo ni maana za kitenzi peke yake, katika kamusi kubwa ya Oxford inavyohaririwa upya, na mhariri aliyekabidhiwa neno hilo, Peter Gilliver, alikaa nalo miezi tisa. Mimba nzima, neno moja. Kabla yake bingwa alikuwa "set", lililoingia katika toleo la 1989, lile la juzuu 20, likiwa na maana 430. Wahariri walipoanza kuipitia kamusi upya walianzia herufi M, kwa hiyo wa kwanza kulipiku "set" alikuwa "make", mwaka 2000. "Put" likafuata 2007, na 2011 "run" likawaacha wote nyuma.

Sasa, mdogo wangu, utakariri 645? Funga hilo daftari.

Tabia ya kuorodhesha naijua ilikotoka, maana hata mimi nimepitia madarasa hayo hayo. Karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne Kenya, ina alama 40 za matumizi ya lugha, na mtahini hupenda kukuambia utunge sentensi kubainisha maana mbili za "kaa" au "paa". Basi unakariri: paa la nyumba, paa wa porini, kupaa angani, kupaa samaki magamba. Kwa "paa" mbinu hiyo inafaa. Hayo ni maneno mbalimbali yaliyokutana sura tu. Bati la nyumba yako halina undugu wowote na mnyama mwenye pembe. (Waluo nao wana ringo, kukimbia, na ring'o, nyama. Mgeni akiteleza ulimi hotelini ataagiza mbio.) Lakini "run" halikugongana na mtu. Ni neno moja lililoanza na miguu, likahamia kwenye mto, kutoka mtoni likaenda puani, kwenye injini, kwenye duka, kwenye kampeni za siasa, na bado linazaa. Huwezi kuliorodhesha ukalimaliza. Unachoweza ni kulitazama limesimama na nani.

Hapo ndipo naomba nikupe kisa changu, na usishangae nikipandisha sauti, maana hakijanitoka rohoni.

Kuna mwaka nilipewa mwongozo wa pampu ya sola niutafsiri. Pampu zenyewe zilikuwa za wakulima wa mboga huku kwetu kando ya ziwa, lakini kazi ilinifikia kupitia ofisi moja ya tafsiri iliyokaa katikati yangu na mwenye bidhaa. "Run" lilijaa kila ukurasa. Mahali pengine liliamuru waya upitishwe ndani ya bomba la plastiki. Mahali pengine maji yaachwe yatiririke kwanza kabla ya kufunga chujio. Mahali pengine mota ikipata joto kupita kiasi, tanki likiisha maji, mashine ikiwaka usiku kucha. Kila hali niliipa Kiswahili chake, na mpaka hapo hakukuwa na shida.

Shida ilikuwa kwenye kile kisanduku cha kuongozea pampu. Kilikuwa na kitufe kilichoandikwa "run", na juu ya kitufe taa ya kijani iliyoandikwa vilevile "run". Kitufe ni amri, kwa hiyo niliandika "Washa". Taa ni habari, kwa hiyo niliandika "Inafanya kazi". Kando yake kulikuwa na taa nyekundu ya "dry run". Ofisini maneno hayo ni majaribio, unafanya zoezi kabla ya siku yenyewe. Kwenye pampu sikuwa na uhakika, nikapanda matatu hadi Ahero kumwona fundi. Hakunieleza kwa maneno mengi. Alitoa kopo la rangi lililojaa vyuma, akatafuta humo, akanipa mkononi sili ya mpira iliyoungua upande mmoja na kukunjamana. "Madam, ukiwasha bila maji, haya ndiyo malipo." Nikaandika "Hakuna maji".

Ofisi ikaipitisha kazi yangu kwenye programu ya ukaguzi. Programu ikasema neno moja limetafsiriwa kwa njia mbili, kwa hiyo ni kosa. Juu ya hilo, malipo yao yalikuwa hivi: neno likitokea mara ya kwanza unalipwa kamili, likijirudia unalipwa sehemu ndogo tu, eti umeshalitafsiri. Wakanikata kwa marudio, kisha wakanikata tena kwa kutolingana. Yaani nilikatwa kwa sababu neno ni lile lile, halafu nikakatwa kwa sababu sikulifanya liwe lile lile. Niliwaandikia barua pepe ndefu yenye adabu zote. Jibu lilikuwa mstari mmoja: neno moja, tafsiri moja.

Baadaye niliikuta pampu hiyo kwenye shamba la sukuma wiki huko Nyando. Kitufe kimeandikwa KIMBIA. Taa ya kijani, KIMBIA. Na ile nyekundu, KIMBIA KAVU. Mzee mwenye shamba, alipojua kazi yangu ni lugha, aliniuliza kwa upole akimbie kuelekea wapi.

Niliipiga picha ile taa. Mwezi uliopita mteja mwingine, mkubwa kuliko wale, alipotaka kuona mifano ya kazi, nilimtumia picha hiyo pamoja na maneno yangu ya awali, bila maelezo. Leo mimi ndiye ninayemwandalia orodha ya istilahi ambayo watafsiri wengine wote wataifuata. Sisemi hivi kwa kujisifu. Sawa, najisifu kidogo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: angalia jirani. Neno kubwa la Kiingereza halina maana likiwa peke yake kwenye daftari. Maana iko kwa aliyeketi naye. Ni nani "ana-run"? Ikiwa ni pua, kamasi zinatoka. Ikiwa ni rangi ya leso, nguo inachuja. Ikiwa ni mheshimiwa, anawania kiti. Ikiwa ni ugonjwa, uko katika ukoo. Ikiwa ni sukari na kuna kijineno "out" nyuma yake, imeisha, tuma mtoto dukani. "Set" nalo ni vivyo hivyo. Simiti ikifanya hivyo imeshika, jua limetua, mtihani umetungwa, mtego umetegwa, meza imeandaliwa, na kitabu chenye neno hilo mbele yake ni kitabu teule, kile ulichokisoma kwa ajili ya mtihani ukakichukia. Usiulize neno lina maana gani. Uliza limeketi na nani.

Na angalia jirani wa Kiswahili pia, si wa Kiingereza peke yake. Watu hushangaa wakisikia 645 na kudhani Kiingereza ndicho kipana, sisi tumenyimwa. Hapana. Kiingereza kikitaka maana mpya mara nyingi hakibadilishi umbo la kitenzi: mtoto akikimbia ni "run", mtu akisimamia biashara ni "run", na yote yanarundikwa chini ya kidahizo kimoja, yaani neno moja linaloorodheshwa kwenye kamusi. Sisi tukitaka maana mpya tunanyambua. Enda inatoa endea, endesha, endelea, endeleza, na endelea lina mahali pake pa heshima katika kamusi. Kimbia inatoa kimbilia, ambayo ni kutafuta hifadhi, na kimbiza, ambayo mwizi wa kuku anaijua vizuri. Ukitaka kulinganisha kwa haki, jumlisha ukoo wote. Tena angalia endesha: tunaendesha gari, tunaendesha kikao, tunaendesha duka, na tumbo likiharibika nalo linaendesha. Hapo sisi na Waingereza tumefika mahali pamoja bila kuitana.

Halafu tuna "piga". Mwanafunzi wa Kizungu akifunzwa kwamba piga ni kuchapa, atatuogopa: tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga magoti, tunapiga miayo, tunapiga hodi. Maana yote iko kwenye nomino inayofuata, piga yenyewe imebaki kusukuma tu. Kwa "run" mzigo mara nyingi hubebwa na vijineno vya nyuma, "out", "over", "into". Lakini kanuni ni ile ile. Angalia jirani.

Mwanaisimu Mmarekani George Zipf aliligundua hili miaka ya 1940: neno kadiri linavyotumika sana ndivyo linavyokuwa na maana nyingi. Ndiyo maana maneno marefu ya sayansi unayoyaogopa ni rahisi. Usanidinuru una maana moja na hautakusaliti. Wanaosaliti ni wale wafupi, wa herufi tatu, uliojifunza darasa la kwanza ukadhani mmemalizana nao. Vijana wengi mnakimbilia misamiati mizito ili mwonekane wasomi, na kazi inaharibikia kwenye "get". Nimekagua majaribio ya watafsiri wanaoanza, wametafsiri istilahi za kisheria vizuri kabisa halafu wakaanguka kwenye "put". Nyenyekeeni kwa maneno madogo, ndugu zangu. Na msiogope kumwuliza fundi, hata kama nauli ni yenu.

Kuhusu malipo, kwa kuwa najua hilo ndilo hasa unalotaka kuuliza: usikubali vitufe na taa vihesabiwe kwa neno. Neno moja la kwenye kitufe linaweza kukutoa Kisumu hadi Ahero na kurudi. Omba picha ya kifaa kabla ya kuanza, na uandike kwenye makubaliano kwamba maandishi ya kwenye skrini yanalipwa kwa saa. Mteja wangu wa sasa alikubali sharti hilo mara moja, bila kubisha hata kidogo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama saa yangu niliiuza rahisi mno.