Sufuria ilianza na nini, sahani ilimalizwa na nini: kula bila kitu cha mnyama katika mgahawa wa Kiitaliano

Nilipoacha kula nyama, samaki, mayai, maziwa na kila kitokanacho na mnyama, mgahawa wa Kiitaliano ndio niliouogopa kuliko yote, kwa sababu picha niliyokuwa nayo ya mapishi ya Waitalia ilikuwa ni jibini inayovutika kama uzi kutoka kwenye piza. Leo, wenzangu wanaponiuliza twende wapi ili nami nipate cha kula, huutaja mgahawa huohuo kwanza. Migahawa haikubadilika, kilichobadilika ni namna yangu ya kuisoma menyu, na somo hilo nilifundishwa na bakuli moja la supu.

Tulikuwa tumekwenda kumuaga mwenzetu wa kazini. Niliona minestrone kwenye menyu, supu ya mboga na maharagwe, nikaiagiza bila kuuliza lolote, maana nilidhani jina lenyewe limekwisha kujibu. Nilikuwa nimefika katikati ya bakuli nilipotafuna kipande kigumu kiasi, chenye kuvutika, ambacho hakikuwa karoti wala kiazi. Mhudumu alinieleza kwa upole kwamba hilo lilikuwa ganda la jibini ya Parmigiano, ambalo jikoni kwao, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Italia, hutumbukizwa kwenye sufuria mapema ili liitie supu ladha. Hakuwa amenidanganya, na menyu pia haikuwa imenidanganya, kwani supu ilikuwa ya mboga kweli. Mimi ndiye niliyejiuliza swali moyoni nikajijibu mwenyewe.

Tangu siku hiyo kila chakula cha Kiitaliano nakipima kwa maswali mawili: sufuria ilianza na nini, na sahani ilimalizwa na nini. Katikati ya mapishi hayo kwa kawaida hakuna wasiwasi, kwa kuwa mara nyingi utakuta nyanya, biringanya, maharagwe, mboga za majani na mafuta ya zeituni. Mnyama huingia mwanzoni, kwa mafuta ya nguruwe, vipande vya pancetta, yaani nyama ya tumbo la nguruwe iliyotiwa chumvi, mchuzi wa mifupa, au samaki wadogo wa chumvi wanaoyeyushwa katika mafuta ya moto mpaka wasionekane tena. Kisha huingia mwishoni, kwa donge la siagi, krimu au jibini iliyokunwa. Tofauti ya milango hiyo miwili ndiyo inayofaa kukumbukwa. Jambo la mwishoni hufanywa baada ya wewe kuagiza, kwa hiyo mpishi anaweza kuliacha bila usumbufu wowote, ilhali jambo la mwanzoni huenda lilifanywa asubuhi, na hakuna ombi la adabu linaloweza kuitoa nyama kwenye mchuzi uliochemka saa tatu.

Chukua risoto, chakula ambacho wahudumu wengi hunipendekezea kwa nia njema kabisa wanaposikia kwamba mimi ni vegani. Wali huo hupikwa kwa kumwagiwa mchuzi kidogo kidogo, na mchuzi huo mara nyingi ni wa kuku au wa ng'ombe. Ukishaiva, hutolewa motoni ukakorogwa kwa siagi na jibini ili uwe laini. Milango yote miwili iko wazi, hata kama juu yake zimewekwa mboga tupu. Pesto ya Genoa, mchuzi wa kijani wa tambi, nayo hukaa upande wa mwanzo, ingawa huongezwa mwishoni, kwa sababu rehani, njugu za misonobari, kitunguu saumu na jibini husagwa pamoja kabla hujafika, na ukimwambia mhudumu aitoe jibini humo umemwambia atoe chumvi baharini.

Kinyume chake, tambi za alla Norma, ambazo asili yake ni mji wa Catania huko Sicilia, zina biringanya za kukaanga, nyanya na rehani, na kitu pekee cha mnyama katika mapishi ya kawaida ni jibini ya ricotta iliyotiwa chumvi na kukaushwa, ambayo hukunwa juu ya sahani wakati wa kupakua. Ukiomba isikunwe, umepata chakula kamili. Nimewahi kuwaona watu wakiiruka sahani hii kwa sababu menyu imetaja ricotta, kisha wakaagiza minestrone kwa sababu menyu haikutaja kitu, nami nikajiona mwenyewe miaka ile.

Kuhusu tambi zenyewe, kanuni ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Tambi kavu za kawaida ni unga wa ngano ngumu na maji. Nchini Italia, kanuni za mwaka 2001 zinataka tambi zinazouzwa kwa jina la tambi za mayai ziwe na mayai mazima yasiyopungua manne, yenye uzito wa gramu 200 au zaidi bila maganda, kwa kila kilo ya unga, kwa hiyo yai halijifichi huko, hutajwa. Shida iko kwenye tambi mbichi zinazotengenezwa jikoni, ambazo wapishi hujivunia na kuziandika kwa herufi kubwa. Zile zenye asili ya kaskazini, hasa eneo la Emilia-Romagna, kama tagliatelle, lasanya na tortellini, hukandwa kwa mayai. Za kusini, kama orecchiette za Puglia, kwa desturi hukandwa kwa unga na maji tu. Gnocchi, yaani vidonge vidogo vya viazi vilivyopondwa na unga, ziko katikati, kwa kuwa mpishi mmoja hutia yai na mwingine haoni haja, na jawabu analo yeye peke yake. Kwa hiyo ninapopenda mchuzi fulani uliopangwa na tambi mbichi, huomba uleule umwagwe juu ya spageti kavu, na sijawahi kuona mpishi akikasirika.

Michuzi inayonifaa zaidi ni ile iliyo mifupi kuisimulia. Aglio, olio e peperoncino ni kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na pilipili. Arrabbiata ni nyanya, kitunguu saumu na pilipili, na unachohitaji ni kuzuia jibini tu. Puttanesca huonekana kuwa ni ya zeituni na nyanya, lakini mara nyingi wale samaki wadogo wamo, nao wameyeyuka.

Piza ndiyo iliyonishangaza kuliko yote. Umoja wa Ulaya uliposajili piza ya Napoli mwaka 2010 kuwa chakula cha asili chenye utaratibu maalumu, donge lake lilielezwa kuwa ni unga, maji, chumvi na hamira, na mojawapo ya aina zilizotambuliwa ni marinara, yenye nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni. Piza isiyo na jibini, basi, si upungufu uliobuniwa kwa ajili yetu; ni sahani kongwe yenye jina lake, na ukiiagiza huombi hisani ya mtu. Kuna tahadhari mbili tu. Kwanza, jina hilo linatokana na mabaharia, na katika baadhi ya nchi, Australia ikiwemo, neno marinara kwenye menyu huweza kumaanisha vyakula vya baharini, kwa hiyo soma viungo na si jina. Pili, si kila mgahawa unafuata utaratibu wa Napoli, na wengine hutia maziwa, asali au mafuta ya nguruwe kwenye donge, jambo ambalo ni la mwanzoni na haliwezi kurekebishwa mezani. Mkate wa focaccia nao uulizie hivyohivyo.

Baada ya miaka kadhaa nimejifunza pia kuanza kusoma menyu kutoka nyuma. Ukurasa wa vitafunio na ule wa mboga za pembeni, ambazo Waitalia huziita contorni, ndio wenye urithi wa mapishi ya watu waliokuwa hawana uwezo wa kula nyama kila siku. Caponata ya Sicilia ni biringanya zilizopikwa na nyanya, zeituni, siki na sukari, na huliwa ikiwa imepoa. Farinata ya Liguria ni unga wa dengu, maji, mafuta na chumvi, uliookwa kwenye sinia pana, na huko Palermo unga huohuo hukaangwa vipande vipande vinavyoitwa panelle. Sahani mbili za namna hii pamoja na mboga za majani zilizokaangwa kwa kitunguu saumu hunishibisha vizuri kuliko tambi zilizovuliwa kila kitu. Maharagwe, hata hivyo, yachunguze, kwani pasta e fagioli, yaani tambi na maharagwe, mara nyingi huanza na pancetta.

Jinsi ya kuuliza ina uzito wake. Nikiuliza, "Mna chakula cha vegani?" mara nyingi napewa saladi. Nikiuliza, "Naomba unisaidie kumuuliza mpishi, mchuzi wa maharagwe umeanzwa na nini?" napata jibu la kweli, kwa sababu mpishi ameulizwa jambo analolijua. Wala si busara kuuliza kama kuna nyama, kwa maana kwa watu wengi mchuzi wa mifupa si nyama, na jibini hata haifikiriwi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014 migahawa inapaswa kutoa taarifa za vitu 14 vinavyosababisha mzio, vikiwemo maziwa, mayai na samaki, na taarifa hizo zimeniokolea maswali mengi. Lakini ziliwekwa kwa ajili ya mzio, si kwa ajili yetu. Mafuta ya nguruwe, mchuzi wa ng'ombe, asali na jelatini, kigandishi kitokanacho na ngozi na mifupa ya wanyama, havimo, na sahani isiyo na alama hata moja ya mzio inaweza kuwa imeanza na nguruwe.

Ukishaagiza, kumbuka kwamba mhudumu mwenye kikuna jibini hutokea kwa kasi, akiwa na tabasamu, mkono umekwisha kuinuka. Mimi hutaja jibini mara mbili, wakati wa kuagiza na sahani inapowekwa mezani, na kwa nini nisitaje, maana Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kutoka tumboni mwa ndama, hivyo hata wale wanaokunywa maziwa lakini hawali nyama wana sababu ya kuikataa. Badala yake huomba chenga za mkate zilizokaangwa katika mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, ambazo kusini mwa Italia zilinyunyizwa juu ya tambi na watu wasiomudu jibini. Mpishi anayetoka huko huelewa mara moja, na mara mbili nimeona mpishi akitoka jikoni kuja kumtazama aliyeziomba.

Vitamu havinichukui muda, kwa kuwa panna cotta, tiramisu na aiskrimu vyote vina maziwa, mayai au jelatini. Huagiza granita ya limau, au sorbeto nikishahakikishiwa kwamba haikutiwa ute wa yai, kisha kahawa ya rangi isiyo na maziwa.