Konda mpya, muulize abiria mwenyewe kabla hujamshika

Mdogo wangu unayeanza kazi stendi ya Tabora, kukata tiketi kwenye mashine, kupanga buti na kuwazoea trafiki wa njiani utajifunza ndani ya mwezi. Mimi nina miaka 17 kwenye ukonda, njia ya Nzega na ile ndefu ya Kigoma kupitia Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza. Jambo nililochelewa kulijua kuliko yote ni namna ya kumpokea abiria ambaye ngazi za basi hazikutengenezwa kwa ajili yake: babu mwenye magoti mabovu, mama aliyepigwa kiharusi, kijana wa kiti cha magurudumu, dada asiyeona. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuwaumiza watu, na sitaki na wewe upite njia hiyo.

Nianze na kosa langu. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, na barabara ya Kigoma ilikuwa bado ya vumbi sehemu kubwa. Kijana mmoja alipandia Urambo akisindikizwa na dada yake, ana kiti cha magurudumu cha kukunja. Nikakikunja, nikakilaza buti, na juu yake nikapanga magunia mawili ya mahindi na ndoo za asali. Tulifika Kigoma usiku. Nilipokitoa, rimu ya kulia ilikuwa imepinda na tairi linagusa fremu. Yule kijana alikuwa amekaa kwenye ngazi ya basi. Akalivuta gurudumu karibu yake, akalizungusha kwa kiganja. Likaenda nusu mzunguko, likagoma. Akajaribu tena. Nusu mzunguko, likagoma. Nikamwambia, kaka usijali, nitakubeba mpaka kwenye teksi. Akanijibu, "Ungenitunzia miguu yangu, nisingehitaji mgongo wako." Hata sauti hakupandisha. Nikambeba, na hatua zote zile nilijua ninabeba deni langu mwenyewe.

Tangu usiku ule kiti cha magurudumu kwangu si mzigo. Huingia buti mwisho na hutoka kwanza. Kikunjwe, kisimamishwe wima, kifungwe kwa mpira kwenye nguzo ya buti, na kisiwekewe kitu juu, hata mfuko wa nguo. Mto wa kukalia na vile vibao vya kuwekea miguu vinavyochomoka mpe mwenyewe akae navyo ndani, maana ndivyo vinavyopotea. Magongo yasiende buti kabisa. Yakae mkononi mwake au pembeni ya kiti chake. Basi likipata pancha porini huko Malagarasi saa nane usiku, asiye na magongo yake amefungwa pale alipo. Na usimtoze hela ya mzigo. Wenzako watakuambia kila kinachoingia buti hulipiwa. Waulize ni abiria gani mwingine wamewahi kumtoza nauli ya miguu yake.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka ulishike kuliko mengine. Ukimwona abiria anahangaika mlangoni, mkono wako utataka kuruka umdake kwapani umnyanyue. Uzuie. Amkia kwanza. Shikamoo bibi, au mwangaluka kama ni mtu wa huku kwetu, au mwakeye kama tumeshaingia kwa Waha. Halafu uliza: "Nikusaidieje?" Muulize yeye, usimuulize mjukuu aliyemsindikiza. Mwili ni wake, ameishi nao miaka mingi, anajua ni mkono upi una nguvu na ni bega lipi limeshawahi kuteguka. Wewe umeuona mwili huo dakika moja iliyopita.

Kulikuwa na mama mmoja alikuwa akipanda nasi Kaliua kwenda kliniki hospitali ya Kitete, Tabora, miguu yote imepooza tangu utotoni. Mara ya kwanza wapiga debe watatu walimzunguka tayari kumbeba. Akasema, "Niacheni. Nataka kanga tu." Sikuelewa. Akaitoa kanga yake ya pili begani, akanipa, akaniambia niitandike kwenye ngazi ya kwanza. Akasogea kinyumenyume hadi mlangoni, akakaa kwenye ngazi, akaweka viganja ngazi ya pili, akajinyanyua. Kanga nikaihamishia ngazi ya tatu. Hivyo hivyo mpaka juu, kisha akajiinua kwenye kiti cha mbele kwa mikono yenye nguvu kuliko yangu. Ilichukua dakika mbili hivi. Kumbe siku zote watu walikuwa wakimbeba huku sketi inapanda na stendi nzima inatazama, naye alichohitaji ni ngazi isiyo na matope. Siku hizi nina kipande cha turubai safi nyuma ya kiti cha dereva, na ngazi nazifuta kila kituo mvua ikinyesha.

Ngazi zenyewe ndiyo taabu yetu kubwa. Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, vituo vilijengwa kwa kimo cha sakafu ya basi, mtu wa kiti cha magurudumu anajisukuma anaingia. Nilipanda pale Kimara nikamtazama mzee mmoja akiingia hivyo, hajamwomba mtu, hajashukuru mtu, nikatamani sana tuwe nayo na huku. Basi zetu za mikoani zina sakafu ya juu ili mizigo ikae chini, na ngazi ya kwanza inanifika karibu na goti. Kwa hiyo fanya kama nilivyofanya mimi: nenda kwa fundi seremala akutengenezee kigoda cha mninga, miguu yake imetanuka chini, urefu nusu ya kimo kati ya ardhi na ngazi ya kwanza. Juu pigilia kipande cha tairi kuukuu kisiteleze. Usitumie kreti la soda. Linayumba, na mzee akianguka nyonga ikivunjika, anaweza asisimame tena maisha yake yote.

Mwambie dereva naye asimame penye ardhi ya usawa. Basi likisimama ukingoni mwa barabara penye mteremko wa kwenda mtaroni, ngazi huongezeka kimo bila wewe kuona, na kigoda hakikai sawa. Kusogea mbele mita kumi kunatosha.

Kwa aliyepooza upande mmoja au mwenye mguu mbovu, wataalamu wa mazoezi ya viungo hufundisha hivi: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu mgonjwa hutangulia. Mkono mzima ndio ushike chuma cha mlangoni. Kama chuma kipo upande wa mkono uliopooza, mpe bega lako upande wa pili alishike yeye, wewe usimvute. Akipanda, kaa chini yake, nyuma. Akishuka, tangulia wewe chini umtazame usoni. Ukijipanga hivyo, akiyumba anakukuta wewe kabla ya kuikuta ardhi.

Viti vya mbele upande wa mlango huuzwa mapema, kwa hiyo zungumza na wakala jioni ya kuamkia safari. Mwombe avibakize viwili mpaka dakika za mwisho. Kama vimeshauzwa, nenda kwa kijana aliyekaa pale, mweleze kwa heshima na mpe kiti kingine kizuri. Wengi hukubali ukiomba, na hukataa ukiamuru. Kiti cha juu ya tairi usimpe mwenye magoti mabovu, kwani magoti hukaa yamekunjwa safari nzima. Mwenye ualbino mtafutie upande wa kivuli. Asubuhi ukitoka Tabora kwenda Nzega jua linapiga kulia, basi mkalishe kushoto, na pazia liwe linafungika.

Kuna jambo ambalo abiria hawatakuambia, nalo linaniuma mpaka leo. Wengi wao hawanywi maji tangu jana yake. Wanajua basi likisimama kuchimba dawa porini, wenzao wataingia vichakani dakika tano na dereva atapiga honi, na wao hawawezi kuchuchumaa wala kuvuka mtaro. Kwa hiyo wanasafiri na kiu, kutwa nzima, kwenye joto la mwezi wa kumi. Bibi mmoja wa sukari alizimia tukiwa tumeipita Nguruka. Mjukuu wake alisema hakunywa hata kikombe cha chai, aliogopa kutusumbua. Alizinduka tulipompa maji na soda, lakini neno lile la kutusumbua halijanitoka.

Siku hizi nauliza wakati wa kupanda, kwa sauti ya chini, na kama ni mwanamke namwomba abiria mwanamke aulize: "Safari ni ndefu, ungependa tusimame wapi?" Nimevitafuta vyoo vyote vya njia yetu, najua kipi kina mlango mpana, kipi kina ngazi, kipi ni cha kukaa. Mama lishe mmoja tunayesimama kwake amechukua kiti cha plastiki, akakitoboa katikati, anakiweka juu ya tundu la choo mtu anapohitaji. Kitu rahisi namna hiyo. Mshawishi na wa kituo chako afanye hivyo, na ikibidi kiti ununue wewe. Na abiria kama huyo ashuke wa kwanza, siyo wa mwisho baada ya watu hamsini kumrukia magongo.

Nikiyataja magongo, kumbuka mawese. Tukirudi kutoka Kigoma madumu ya mawese huwa kila kona, na dumu lisilofungwa vizuri huchuruzika katikati ya basi. Mpira wa chini wa gongo ukikanyaga mawese ni kama umekanyaga sabuni. Madumu yote yaende buti, na ukiona tone sakafuni mwagia mchanga hapo hapo, kisha ufagie.

Asiyeona usimvute mkono wala usimshike fimbo nyeupe. Mpe kiwiko chako akishike, tangulia nusu hatua, mwambie "ngazi tatu, kisha kulia". Ukifika kitini weka kiganja chake kwenye mgongo wa kiti, atakaa mwenyewe. Unapomrudishia chenji, itaje noti moja moja unapomkabidhi. Mtangazie kila kituo, maana dirisha kwake halisemi kitu.

Kwa viziwi sisi wa Tabora hatuna kisingizio. Shule ya viziwi iko hapa hapa mjini tangu 1963, na shule zikifungwa watoto wale wanapanda mabasi yetu. Wanasoma na kuandika. Andika kwenye simu: "Basi limeharibika, tunasubiri lingine saa moja." Ukisahau, utamwona mtoto ameshuka na wenzake, anatazama midomo ya watu wazima wanaogombana, hajui kama ameachwa porini. Jifunze japo alama chache za lugha yao. Wao wenyewe watakufundisha kwa furaha.

Dereva atalalamika. Atasema muda unakwenda, basi la nyuma litatuchukulia abiria wa Urambo. Kubalianeni kabla hamjawasha gari: basi halisogei mpaka wewe ugonge bodi mara mbili, na hugongi mpaka mzee ameketi na ameshika kitu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake, na kumwacha stendi kwa sababu anachelewesha ni kumbagua. Mkumbushe kwa upole. Hospitalini kuna mabango ya kumpisha mzee, na kwa sera ya taifa mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Dereva wangu wa kwanza aliyenipigia kelele sana ana 63 sasa, na mimi ndiye ninayemwekea kigoda.

Mkifika Kidahwe, karibu na Kigoma, kabla vijana hawajaanza kusimama na mabegi, mpigie simu ndugu anayempokea abiria wako ili aanze kutoka nyumbani. Stendi, mwombe asubiri kitini watu waishe, wakati wewe unafungua kiti cha magurudumu chini ya mlango na kufunga breki zake. Kisha usiondoke mpaka umemwona mtu wake. Mwaka jana mjukuu wa bibi mmoja alichelewa, bajaji imemharibikia njiani. Basi likaenda kuoshwa, mimi nikabaki. Nikamwekea bibi kile kigoda ukutani, akakaa, akatoa karanga kwenye kifundo cha kanga, tukatafuna pamoja mpaka tukaiona taa ya bajaji inaingia getini.