Shangazi, niuze kompyuta zangu za zamani ili nijenge mali?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 37, mke na watoto wawili, na kazi yangu ni kuandika programu. Kampuni inataka niwe meneja kwa mshahara mzuri zaidi. Wakati huohuo rafiki yangu ananivuta kwenye kampuni yake changa: mshahara utapungua, lakini atanipa hisa. Raha yangu mimi ni kukarabati kompyuta za zamani usiku. Nina Commodore 64, Amiga 2000 na nyingine kadhaa, na vipuri nanunua kwa kadi ya mkopo. Mke wangu analalamika, nami humwambia hizi ni akiba, bei zitapanda. Niliosoma nao wameshajijenga, mimi bado. Niuze mashine zote nichukue umeneja? – Fundi wa Usiku*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya umeneja na hisa, tuzungumzie hayo unayomwambia mkeo. Mashine zile si akiba, na nadhani hata wewe unalijua hilo. Akiba ni kitu unachoweza kukigeuza fedha siku mtoto anapougua, bila kumbembeleza mnunuzi. Kompyuta iliyotoka mwaka 1982, kama hiyo Commodore 64 yako, inangoja mtu anayeitaka hiyohiyo, aliye tayari kulipia na kuisafirisha, na wakati wote huo inachakaa. Amiga 2000 unaijua kuliko mimi: betri yake imeunganishwa kwenye bodi kwa lehemu, na ikizeeka huvuja, majimaji yake yakatafuna njia za shaba hadi mashine ikagoma kuwaka. Kama hujaing'oa betri hiyo, ing'oe leo kabla ya lolote. Kisha mwambie mkeo ukweli, kwamba unazipenda. Mke anaweza kuishi vizuri na mume mwenye kitu anachokipenda. Kinachomchosha ni kuambiwa kwamba raha yako ni mradi wa familia.

Zote usiziuze. Baki na zile unazozifungua na kuzitumia, uza zinazongoja zamu yake chini ya meza, na fedha yote ipeleke kwenye deni la kadi. Deni hilo ndilo linalonitia hofu kuliko kitu kingine katika barua yako. Chukua 72 ugawe kwa kiwango cha riba ya mwaka. Utapata, kwa makadirio, miaka ambayo fedha huchukua kuongezeka maradufu. Deni la asilimia 24 usiloligusa hujizidisha mara mbili ndani ya miaka 3. Uwekezaji unaokuletea asilimia 8 utahitaji miaka 9. Basi kuweka akiba ukiwa na deni kama hilo ni kujitwisha hasara. Kuanzia sasa vipuri vinunuliwe kwa fedha taslimu, kutoka fungu ambalo wewe na mkeo mmekubaliana, na fungu likiisha, bodi ingoje mwezi ujao.

Sasa kazi. Katika barua nzima, umeneja umeusifia mshahara tu. Kazi yenyewe ni vikao, kupima utendaji wa watu, kusuluhisha ugomvi na kutetea bajeti, na wapo wanaoifanya kwa moyo wote. Lakini mtu anayekesha kwa hiari akipima kapasita, vile vipuri vidogo vya kutunza chaji ya umeme, moja baada ya nyingine kutafuta iliyokufa ameshaonyesha anapenda kazi ya namna gani. Kwa nini uone njia mbili tu? Kampuni nyingi zina ngazi ya wataalamu wanaopanda cheo na mshahara bila kusimamia watu. Muulize bosi wako kama ipo, na ukipanda unalipwaje. Tena usidharau unachokijua. COBOL, lugha ya kuandikia programu, ilianza mwaka 1959 na hadi leo kuna benki zinazoitegemea, wakati vijana wengi hawataki hata kuitazama. Wewe umezoea kuhangaika na kilobaiti 64 za kumbukumbu na kusoma vitabu vya maelekezo vya miaka hiyo. Mfumo mkongwe ambao waliouandika wameshaondoka hautakutisha, na kutotishika huko kuna watu wanaokulipia.

Kuhusu rafiki yako nitasema machache. Kampuni ya Commodore, iliyouza mashine kwa mamilioni, ilifilisika mwaka 1994. Bidhaa nzuri na wapenzi waaminifu havikuiokoa, sembuse kampuni ambayo haijapata wateja. Muulize hisa zako ni asilimia ngapi ya kampuni nzima, fedha iliyopo itatosha miezi mingapi, na ukiondoka mapema unabaki na nini. Utaratibu wa kawaida ni kuzipata kidogokidogo kwa miaka 4, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha haambulii kitu. Kama rafiki anakasirishwa na maswali haya, usiende.

Na mali? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe mwenye uwezo wa kuandika programu huna hata karatasi moja ya matumizi uliyonitajia. Keti na mkeo mwandike kila kinachoingia na kinachotoka. Deni likiisha, jengeni fungu la dharura la matumizi ya miezi 3 hadi 6. Baada ya hapo agiza benki ikate sehemu ya mshahara siku ileile unapoingia, iende kwenye mfuko wa uwekezaji wenye ada ndogo na hisa za kampuni nyingi. Ukiongezwa mshahara, ongeza makato kabla hujaizoea nyongeza, maana hapo ndipo wengi wenye mishahara minono hupotelea. Hao uliosoma nao unawaona magari na nyumba, madeni yao huyaoni.

Mwombe bosi wiki mbili kabla ya kumjibu. Ndani ya wiki hizo tafuta majibu ya rafiki yako kwa maandishi na umalize hesabu ya nyumbani, halafu niandikie tena. Na mkeo naye aniandikie barua yake, nataka kumsikia.