Meno bandia ya chini kuchezacheza

Pole kwa mama. Umeuliza kwa nini meno yake bandia ya juu yanashika vizuri ilhali ya chini yanachezacheza. Seti nzima ya juu hufunika kaakaa, na utando mwembamba wa mate huifanya inate. Ya chini haina eneo hilo, halafu ulimi huisukuma kila anapoongea. Angekuwa na meno yake machache, angewekewa ya sehemu, yanayoshikiliwa kwa vibanio vya chuma. Kwa kibogoyo, mimi napendelea skrubu 2 za titani ndani ya taya la chini: seti hubanwa juu yake na bado huvuliwa usiku. Ila kwanza daktari aikague. Mfupa wa taya huendelea kupungua baada ya meno kung'olewa, hivyo seti hulegea, na huenda kuijaza seti hiyo upya upande unaogusa ufizi kukatosha.